Jinsi ya kujitoa kwenye mbio za mitaani kabla taa haijawa kijani

Mwaliko wa mbio za mitaani haudumu hata sekunde tano. Umesimama kwenye taa nyekundu, gari la pembeni linasogea nusu mita, dereva anapiga resi mara mbili, anashusha kioo na kukutazama. Ukingoja hapo ndipo uamue, umechelewa. Abiria wako ameshaanza kucheka na mguu wako umeshajua pa kwenda. Ndiyo maana tunaanza na sekunde hizo, halafu tunaingia kwenye hesabu, vyuma, sheria, na mahali pa kwenda iwapo kweli unapenda mwendo.

Kwenye taa

Usimtazame yule dereva. Macho yakikutana mazungumzo yameanza, hata kama hujasema neno. Toa gia, au weka N kwa gari la otomatiki, kisha vuta handibreki. Ukipandwa na hamaki, gari halina la kuondokea hadi ufanye mambo mawili, na hizo sekunde mbili mara nyingi zinatosha hamaki kupita.

Taa ikiwaka kijani, hesabu moja, mbili, ndipo uondoke. Atakuwa ameshatangulia, na wewe utakuwa umekwepa pia gari linalokatiza kwa taa nyekundu kutoka barabara ya pembeni. Akipunguza mwendo ili akungoje, ingia kituo cha mafuta au barabara ya kwanza unayoiona. Usimwoneshe ishara ya mkono, usimkanyagie breki mbele yake, usimfungie njia. Akikufuata, usiende nyumbani. Nenda penye watu na mwanga, au kituo cha polisi.

Kuna udanganyifu mmoja unaowaingiza hata madereva wazima wenye familia: "Mimi sishindani, namzuia tu asinipite." Mtu akitoka kukupita nawe ukaongeza mafuta, hayo tayari ni mashindano, na huyo mwenzako sasa yuko upande wa magari yanayokuja bila pa kurudi. Achia mafuta, mwachie nafasi, aingie.

Hesabu ambayo hakuna fundi anayeweza kuibadilisha

Chukua mwendo wako wa km/h, gawanya kwa 3.6, utapata mita unazokwenda kila sekunde. Kwenye 50 ni mita 14 hivi, kwenye 100 ni 28, kwenye 160 ni 44, kwenye 180 ni 50 kamili. Dereva aliyeshtushwa hutumia sekunde moja hadi moja na nusu tangu aone kitu mpaka breki zianze kushika. Baada ya hapo, tairi nzuri kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa takriban mita 7 kwa sekunde, kila sekunde. Tukichukua sekunde 1.5 za kushtuka, hesabu inatoka hivi:

- 50 km/h: mita 21 kabla ya breki, 14 za breki, jumla 35
- 100 km/h: mita 42 na 55, jumla 97
- 140 km/h: mita 58 na 108, jumla 166
- 180 km/h: mita 75 na 179, jumla 254

Lami ikilowa, ile 7 inashuka hadi 4 au chini yake. Hapo 100 inadai mita 138 na 180 inadai karibu 390.

Rudi kwenye mstari wa pili. Mtoto akitokea mita 35 mbele ya gari, aliyekuwa kwenye 50 anasimama miguuni pake. Aliyekuwa kwenye 100 bado hajagusa breki, maana mita 42 zake za kushtuka hazijaisha. Anamgonga kwa 100 ileile. Wengi hudhani angemgonga kwa ile 50 iliyozidi. Sivyo.

Sasa chukua mtu anayetoka barabara ya pembeni, ambaye hana habari kwamba kuna mbio. Anaangalia kulia, anaona taa mita 220 hivi. Ubongo wake umezoea magari ya pale kwenda 50, kwa hiyo anajua ana sekunde 15 na zaidi. Anaingia bila haraka. Lakini lile gari linakuja kwa 160, na mita 220 ni sekunde tano tu. Huyu hakufanya kosa lolote ambalo angeweza kulitambua. Dereva wa mbio atakuja kusema "alinikatizia", na atakuwa anaamini anachosema.

Usiku ni mbaya zaidi, ingawa ndio wakati unaopendwa kwa sababu barabara inaonekana tupu. Taa za chini za gari la kawaida humulika mita 40 hadi 60 hivi. Kwenye 100 unahitaji mita 97. Maana yake mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi, ng'ombe, au lori lililoharibika bila taa unaliona ukiwa umeshapita mahali pa kuokoa chochote.

Kona nayo ina kikomo chake. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu na tairi nzuri, gari la kawaida linaanza kuserereka karibu na 70 km/h. Ukitaka kuikata kwa mwendo mara mbili, unahitaji kona yenye nusu kipenyo mara nne. Mchanga kidogo, tone la dizeli, au kiraka cha lami kilichobonyea, na ile 70 inashuka bila kukupa taarifa.

Na nyota za usalama? Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kutoa nyota hizo, hugongesha magari ana kwa ana kwa 50 km/h. Majaribio ya serikali ya Marekani ni 56, na yale ya taasisi ya bima za huko, IIHS, ni 64. Nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo: kwenye 160 gari linabeba zaidi ya mara sita ya nguvu lililokuwa nayo kwenye 64. Mkanda na eabegi havikutengenezwa kwa mwendo huo, na anayekwambia gari lake ni la nyota tano hajui nyota hizo zilipimwa wapi.

Vyuma vinavyosaliti

Breki ndizo huanza. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka 160, breki humeza joto mara saba ya lile la kutoka 60. Pedi za kawaida zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko: pedali ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari haliitiki. Tatizo la pili ni mafuta ya breki. Huvuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na unyevu unashusha joto la kuchemka. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya 230 °C. Ikishanywa maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Ikichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unabinywa. Pedali inazama hadi chini na mguu haukutani na kitu. Dakika chache baadaye, yakipoa, breki zinarudi, na fundi anayekagua gari lililopata ajali anaweza kuziona nzima.

Tairi zina herufi ya mwendo ubavuni: S ni 180 km/h, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Kiwango hicho ni cha tairi zima, lenye upepo sahihi na mzigo usiozidi. Tairi la mtumba lililozibwa pancha ubavuni halina herufi tena, hata kama imeandikwa. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi (hii si ile DOT ya mafuta ya breki): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi zikibaki na kina cha milimita 1.6, nchi nyingi zinahesabu tairi limeisha. Kwa barabara yenye maji, hata milimita 3 ni kidogo. Upepo mdogo ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ubavu hujikunja na kupata moto mpaka unapasuka, na hupasuka gari likiwa kwenye kasi.

Kuhusu marekebisho ya mtaani, haya ndiyo yanayoua kimyakimya:

Springi iliyokatwa kwa msumeno. Gari linashuka na linapendeza, lakini tairi likiruka kwenye tuta springi inalegea kwenye kiti chake na shokapu inagonga mwisho wa safari yake. Gurudumu likiwa hewani halina breki wala usukani.

Usukani wa michezo uliowekwa kwa kuondoa eabegi. Umebadilisha mfuko wa hewa kwa kipande cha alumini kifuani.

Mikanda ya pointi nne kwenye kiti cha kawaida. Bila mkanda wa tano katikati ya mapaja, mwili huteleza chini na mkanda wa kiunoni huingia tumboni.

Fremu za chuma ndani ya gari linaloendeshwa bila helmeti. Ajali ndogo tu ya pembeni na kichwa kinakutana na bomba.

Nguvu ya injini kuongezwa kwa programu huku breki zikibaki zilezile za kiwandani. Hili ndilo la kawaida kuliko yote, kwa sababu mwendo unauzwa na kusimama hakumsisimui mtu.

Ukiwa abiria

Wewe una uwezo mkubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu mbio nyingi huendeshwa kwa ajili ya watu waliomo ndani. Dereva kijana akibeba vijana wenzake, hatari ya ajali mbaya hupanda. Ukinyamaza kabisa, ukaweka simu mfukoni na kufunga mkanda kwa sauti, nusu ya starehe imekwisha.

Usimfokee akiwa kwenye kasi; ubishi unaongeza mwendo. Mpe sababu isiyomvunjia heshima: "Kaka, nishushe hapo mbele, tumbo limenikamata." Au "Mwanangu, simama kidogo, nataka kutapika." Hakuna dereva anayetaka matapishi kwenye viti vyake. Akisimama, shuka, na ukiweza shuka na wenzako. Akikataa kusimama, mkanda ubaki umefungwa, mgongo uegemee kiti, miguu isiwe juu ya dashibodi, kwani eabegi likilipuka linarudisha magoti usoni. Usishike usukani wala handibreki kamwe.

Ukiwa mtazamaji

Gari likipoteza mshiko kwenye kona huenda upande wa nje wa kona. Na huko ndiko umati unakosimama, kwa sababu picha ni nzuri. Kwenye mstari mnyoofu, hatari iko mwanzoni, pale magurudumu yanapozunguka bila kushika na mkia wa gari unapokwenda pembeni, na mwishoni, pale breki zinapodaiwa. Kizuizi cha plastiki hakizuii kitu. Nafasi salama ya kutazama mbio za mtaani haipo. Tusidanganyane kwa kupendekeza mita.

Tena mtazamaji si mtu baki. Anayepeperusha kitambaa cha kuanzia, anayefunga barabara kwa gari lake, anayetuma eneo kwenye kundi la simu, wote ni sehemu ya mbio. California, kwa mfano, kifungu cha 23109 cha sheria ya magari kinamgusa anayesaidia au kuweka kizuizi barabarani, si madereva peke yao. Ukiona watu wanakusanyika na magari yanapangwa, ondoka kwanza, kisha piga simu polisi ukitaja barabara, upande magari yanakoelekea, na rangi za magari. Hao wa barabara ya pembeni hawana mwingine wa kuwatetea.

Mwenye gari naye: usiache funguo za akiba mahali panapojulikana, na usimwazime gari mtu ambaye umeona video zake.

Sheria, bima, na gari linaloshuhudia

Tarehe 1 Februari 2016, magari mawili yalishindana usiku katikati ya Berlin, kwenye Kurfürstendamm, yakipita taa nyekundu. Moja lilimgonga kwa kasi ya karibu 160 km/h mzee wa miaka 69 aliyekuwa akivuka makutano na gari lake kwa taa ya kijani. Alifariki. Mahakama ya Berlin ilitoa hukumu ya kuua kwa kukusudia, kesi ikapanda na kushuka, na mwaka 2020 mahakama ya juu ikaithibitisha kwa dereva aliyegonga. Yule mwingine, ambaye gari lake halikumgusa marehemu, baadaye alipata kifungo cha miaka 13 kwa kujaribu kuua. Kabla ya hukumu hizo kukamilika, Ujerumani ilikuwa imeshaongeza kifungu 315d kwenye sheria yake ya makosa ya jinai mwaka 2017, kinachomkamata hata dereva aliye peke yake anayetafuta mwendo wa juu kabisa bila kujali wengine.

Kila nchi ina adhabu zake: faini, kufungiwa leseni, gari kuzuiliwa, mahali pengine kutaifishwa. Tafuta kifungu cha kwenu ukisome chenyewe. Maneno ya kijiweni kuhusu "faini ndogo tu" huwa yanahusu kosa la mwendokasi, ambalo ni jingine kabisa.

Kwenye bima fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mara nyingi utakuta neno mbio, mashindano au majaribio ya mwendo. Bima inaweza kumlipa uliyemuumiza, kisha ikageuka kukudai wewe. Marekebisho ya gari ambayo hukuyatangaza yanaweza kufuta dai hata kwenye ajali isiyohusu mbio.

Usitegemee kukanusha. Magari mengi ya kisasa yana kifaa kinachohifadhi sekunde za mwisho kabla ya mgongano: mwendo, kiasi mafuta yalivyokanyagwa, kama breki iliguswa, kama mkanda ulifungwa. Umoja wa Ulaya umelazimisha kifaa hicho kwenye magari yote mapya tangu Julai 2024. Ongeza kamera za maduka na simu za hao hao waliokushangilia.

Ajali ikishatokea

Simama. Kukimbia kunageuza kosa kuwa makosa mawili na kunamnyima majeruhi dakika anazozihitaji. Washa hazadi, zima injini za magari yaliyogongana, tuma mtu mita 100 nyuma kusimamisha magari, naye asimame kando, si katikati ya lami. Piga namba ya dharura. Kwenye simu za mkononi 112 hufanya kazi katika nchi nyingi.

Anayetoka damu nyingi, bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa na usiachie ili uchungulie. Asiyezinduka lakini anapumua, mlaze ubavu huku mtu mwingine akishika kichwa kifuate mwili. Asiyepumua, bonyeza katikati ya kifua kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Mwendesha pikipiki usimvue helmeti isipokuwa inamzuia kupumua. Usimvute mtu kutoka garini kwa pupa kama hakuna moto. Na video, usiifute: kuharibu ushahidi ni kosa jingine.

Kama kiu yako ni ya mwendo kweli

NHRA, chama cha Marekani cha mbio za mstari mnyoofu, kilianzishwa mwaka 1951 na Wally Parks kwa kazi hiyo hasa, kuwatoa vijana barabarani na kuwapa njia iliyopimwa. Umbali wa jadi ni mita 402. Mwaka 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta, madaraja yenye kasi kubwa zaidi yalipunguziwa hadi mita 305 ili kuongeza nafasi ya kusimama. Fikiria: watu wenye parachuti, nguo za moto na gari la wagonjwa likisubiri, waliona nafasi haitoshi. Barabara ya mtaa haina hata mita moja ya ziada.

Anza na vitu vya mwendo mdogo. Karti, yaani vigari vidogo vya mbio, au mashindano ya kuzunguka koni kwenye uwanja mpana, yatakufundisha kuhisi tairi likikaribia kuachia, kwenye 50 au 60 km/h, na ukikosea unaangusha koni. Baada ya hapo nenda siku ya wazi ya uwanja wa mbio, unapoingia na gari lako mwenyewe. Wiki moja kabla, badilisha mafuta ya breki kwa DOT 4 mpya na ukague pedi. Zikiwa chini ya nusu, weka mpya. Toa kila kitu kisichofungwa, pamoja na mazulia ya miguuni na chupa chini ya kiti, maana chupa ikibingiria nyuma ya pedali ya breki uwanja hautakusaidia. Hakikisha betri haichezi. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Helmeti iwe na lebo ya Snell SA au FIA, viwango vya helmeti za mbio za magari. Ile ya pikipiki haikupimwa kwa moto.

Uwanjani, mzunguko wa kwanza ni wa kupasha tairi moto na wa mwisho ni wa kupooza breki. Ukisimama usivute handibreki wala kuacha mguu kwenye pedali, kwa sababu pedi za moto zinaweza kushikana na diski; weka gia na kigingi kwenye tairi. Pima upepo kila unapotoka. Pedali ikianza kuzama kuliko asubuhi, siku yako imekwisha, hata kama umelipia saa nne.

Kisha kuna safari ya kurudi, ambayo watu huisahau. Baada ya saa nzima ya 150, akili inaona 80 kama gari limesimama. Pumzika nusu saa, kunywa maji, rudisha upepo wa tairi kwenye kipimo cha barabarani, kaza nati tena zikiwa zimepoa. Kwa kilomita 20 za kwanza usiamini hisia zako hata kidogo, soma mwendo kwenye dashibodi.